Kijiko cha Nne

Nesi wa zahanati yetu Tororo ana macho ya mkaguzi wa tiketi.
"Chai yako, mzee, unatia vijiko vingapi?"
Nikasema viwili.
Akatazama karatasi ya damu, akanitazama mimi,
akangoja, kalamu hewani,
kama mtu ajuaye kuwa nyuma ya behewa hili yapo mengine.
"Vinne," nikasema.

Miaka thelathini na mmoja nilipunga bendera, kijani na nyekundu,
nikisimamisha treni za mizigo kwa mkono mmoja.
Sasa goti tu, goti langu mwenyewe la kushoto,
halisimami nikiliambia simama,
haliendi nikiliambia nenda.

Kila Jumanne na Ijumaa, jua halijapanda juu ya Mwamba,
wazee wa mtaa wa reli tunakusanyika kwenye jukwaa la stesheni
ambako siku hizi nyasi ndizo abiria.
Mwalimu Nyafwono anapuliza filimbi.
Alifundisha michezo shule ya msingi; ana miaka sabini na miwili
na kiuno chake kingali kinamtii.
"Mikono juu! Owora, hiyo ni mikono au nguo zimeanikwa?"
Tunapiga hatua papo kwa papo,
tunanyanyua chupa zilizojazwa mchanga,
tunachuchumaa na kuinuka (kuinuka ndiko kwenye kazi),
mifupa ikialika kama mahindi kikaangoni.
Obbo, fundi wa boila, hujamba akiinama. Hakuna anayecheka,
maana zamu huzunguka.

Nisikufiche: mwezi wa kwanza nilidanganya.
Mazoezi yakiisha nilizunguka nyuma ya soko
kwa kijana Mugoya na kikaango chake,
nikaagiza roleksi ya mayai mawili,
mafuta yakinichuruzika hadi kiwikoni,
nikala nimegeukia ukuta kama mwizi anayehesabu fedha.
Ijumaa moja Mwalimu alinipitia karibu, pua yake ikasita.
"Kitunguu," alisema.
Basi. Neno moja.
Nikapiga raundi mbili za ziada bila kuamriwa.

Jikoni sasa ni kwangu, na mimi ni mwanafunzi aliyechelewa kuandikishwa.
Nasonga ugali wa wimbi mpaka mwiko unagoma,
nachemsha majani ya kunde, natia ufuta uliosagwa,
chumvi kwa ncha ya vidole viwili, si kwa kiganja.
Papai la uani, lile nililowaachia popo miaka yote,
siku hizi popo na mimi tunagombania.
Sikuambii kuwa ni tamu kushinda nyama choma; uongo nimeacha.
Nakuambia tu kwamba usiku nyayo haziniwaki moto.

Vijiko viwili vya kwanza viliondoka bila kelele.
Cha tatu kilirudi mara mbili, Krismasi na siku ya mechi.
Cha nne sikukiweza.
Cha nne hakikuwa changu.
Alikitia Athieno. Nikitoka zamu ya usiku,
umande mabegani, dizeli nywelani,
alitia vitatu, akanitazama,
akaongeza: "Hiki cha treni iliyochelewa."
Na treni ilichelewa kila siku ya Mungu.
Amelala nyuma ya nyumba, penye migomba, mwaka wa sita huu.
Ningemwambiaje nesi
kwamba sukari ile si sukari?

Leo goti limekubali.
Nimefika ngazi ya pili ya Mwamba, si kileleni, mnisamehe,
nikaketi, nikahema, nikaiona reli chini
inakwenda Malaba peke yake.

Nimerudi nyumbani, nimechemsha chai kwa tangawizi.
Nimechukua kijiko kile kile, kikavu, hakina kitu,
nikakoroga.
Kikombe kimelia vile vile.
"Imechelewa tena," nikasema kuelekea migombani,
nikanywa ingali moto.