Mji wa Leso

Bohari ile ya kahawa, pale Kibokoni,
niliipaka chokaa mara tatu.
Mara ya kwanza ukuta uliinywa yote,
mara ya pili ukabaki na kiu,
mara ya tatu ukanyamaza.

Thureya akaja, akavua kandambili mlangoni,
akasimama katikati, akageuka polepole
kama mgeni anayetafuta kibla.
"Basi," akasema. "Ondoa ngazi."
Nikaondoa ngazi.
"Na ndoo."
Nikaondoa ndoo.
"Na redio yako, tafadhali."
Nikaona huyu sasa ataniondoa na mimi.

"Picha zaja lini?"
"Hakuna picha, Fundi Bwanaheri. Ndiyo haya."

Nimepaka rangi miaka thelathini na mmoja:
misikiti, benki, vyumba vya maharusi,
zahanati moja ya Tudor, kijani cha kutapisha.
Sijapata kulipwa ili pasiwe na kitu.
Nilicheka hadi nje, hadi kwa muuza viazi karai.
"Debe tupu," nikamwambia,
"leo limepangishiwa bohari."

Alhamisi watu wakaja.
Bwana mmoja wa Nairobi, koti mkononi kwa joto,
akausoma ukuta kama asomaye barua ya deni.
Wanafunzi wakatafuta swichi.
Mama mmoja, kapu la mchicha kwapani,
akachungulia: "Wamehama lini?"
Na mtoto wake akapiga kofi,
moja tu,
kofi likaenda, likagonga kona,
likarudi limekua.

Hapo sote tukatulia.
Nikasikia feni isiyokuwapo.
Nikasikia mji umeketi nje ya mlango,
jenereta ya kinyozi, mtu akuna nazi, mtu akemea paka,
na huku ndani, baina ya sauti na sauti,
kitu kipana
kilichokuwa hapo siku zote
nami nikikiegemezea ngazi.

Leso ina pindo, ina jina, ina mji.
Mamangu alikuwa na moja, mji wake mtupu:
wekundu tu, hapana ua, hapana korosho.
"Hii hawakuimaliza," nikamwambia utotoni.
Akaitandaza, akanilaza katikati,
akanifunga mgongoni.
Sikuuliza tena.
Na pale mwanamke abebapo mimba
pia twapaita mji;
sote tulianzia chumba kisicho na samani.

Bibi yangu naye, sahani zake za kichina
ziliuzwa mojamoja, karo ya shule, dawa, sanda.
Zidaka zikabaki ukutani
kila kimoja na kivuli chake,
na wageni waliingia wakivitazama hivyo kwanza.
Mama alikuwa akisema:
nyumba haijai watu
ila ipungue vitu.
Nilidhani alikuwa akijifariji.

Lakini nina neno sijamwambia Thureya.
Kabla ya mkono wa kwanza wa chokaa,
nyuma ya mlango, kimo cha bega la mtu aliyeinama,
nilikuta mistari ya makaa:
minne, na wa tano ukiikata,
minne, na wa tano ukiikata,
hesabu ya magunia ya hamali fulani
hadi karibu na sakafu.
Nilipiga msasa. Haikutoka.
Nikaifunika.
Yule bwana wa Nairobi aliegemea papo hapo
akaandika, nikamwona, neno "hakuna".

Siku ya kufunga nilirudi peke yangu.
Funguo ilikuwa bado kwangu, na deni la siku moja
ambalo sikwenda kulidai.
Nikaweka kiganja nyuma ya mlango.
Ukuta ulikuwa baridi, kama mtungi.
Nikahesabu kwa vidole: tano, kumi, kumi na tano.
Kwenye mia na kitu nikapotea.

Nikaanza tena.