Pambizo za Daftari

Daftari nililinunua kwa ajili ya kuni:
magunia mangapi, deni la nani, mvua imelowesha nini.
Ukurasa wa kwanza bado unanuka moshi.
Kuanzia wa pili ni wewe, Nolfa.
Tarehe. Saa. Sekunde.
Mkono upi ulianza.

Hapa Valdivia mvua hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu,
nasi tumejifunza kuhesabu tukiwa ndani.
Machi tatu, alfajiri, sekunde themanini, ulimi umeng'atwa.
Machi tisa, soko la samaki, mbele ya simba wa bahari
waliokutazama kwa adabu kuliko watu.
Machi ishirini, juu ya meza ya unga.
Nilikupangusa uso mweupe,
ukaniuliza leo siku gani, mara nne,
na mara nne nikakujibu: Alhamisi.

Kisha kikaja kidonge kipya.
Kimoja asubuhi, kimoja jioni.
Aprili: mstari mtupu. Mei: mtupu. Juni.
Daktari wa zamani alilifungua daftari akalifurahia
kama mwalimu afurahiavyo hesabu
aliyoipata mwanafunzi mzito.
"Hongera, bwana Eleuterio,"
akanipa mkono mimi.

Hakusoma pambizo.

Pambizoni niliandika kwa penseli, herufi ndogo,
kama anayenong'ona kanisani:
Hajaoga.
Amevunja sahani za mama yake, moja moja, bila haraka.
Amemwambia Yolanda asikanyage tena hapa.
Ameketi kitandani, viatu mguuni,
tangu saa mbili hadi taa za mtaani zikawaka.
Ameuliza mto Calle-Calle una kina gani pale darajani.

Mstari huo wa mwisho niliufuta.
Maneno yakatoka; karatasi ikabaki na kovu.

Nilijiambia asiyeshukuru kwa kidogo
na kikubwa hatashukuru.
Nikashukuru hadi meno yakaniuma.
Nani angenielewa?
Mke haanguki tena, nami nimeanza kuficha visu.

Usiku mmoja ukasema, macho darini:
"Zamani nilianguka nje, Eleuterio,
mtu akaniokota.
Sasa naanguka ndani."

Daktari Ferrada aliingia na mwavuli unaochuruzika,
akaliweka daftari upande ili asome pambizo,
akapitisha kidole penye kovu.
"Na hapa paliandikwa nini?"
Hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe.
Ukamwambia.
Miaka kumi na minane ya ndoa,
sikujua sauti yako inaweza kuwa ndogo hivyo
na bado ikajaza chumba.

Hakushtuka. Alisema kifafa na sonona
ni wapangaji wa nyumba moja,
wanasikiana kupitia ukuta;
na dawa nayo humfunga huyu mdomo
ikamwacha yule akipiga mayowe.
Si tabia yako, alisema, wala si imani haba.
Lakini usikiache kidonge ghafla; tutashuka ngazi kwa ngazi.
Akachora kwa rula safu mpya katika daftari langu la kuni:
Usingizi. Hasira. Hamu ya kula. Hamu ya kuwapo.

Tumeshuka ngazi. Kipya kimepanda polepole.
Jumanne unakwenda kwa bwana Catrileo
mwenye kiti kinacholia kila ukivuta pumzi;
unarudi umechoka, wakati mwingine umenuna,
na siku moja umerudi na sahani.
Moja tu. Ya maua ya samawati. Mbaya kweli.

Septemba nne, saa kumi jioni.
Mkono wa kushoto. Sekunde kumi na tisa.
Nilipiga magoti sakafuni, saa mkononi,
nikiwaza: basi, tumerudi tulikotoka.
Ukafumbua macho.
Ukauliza leo siku gani, mara moja tu,
kisha ukanusa hewa, ukanisukuma kifua:
"Mzee, mkate unaungua."

Na kweli ulikuwa unaungua.