Komeo la Gogogo

Nyavu zikirudi Igombe alfajiri
watu humkimbilia sangara:
mizani, barafu, lori la kiwandani
linalonguruma na taa zake wazi.
Mimi huachiwa yule aliyejishona
mwenyewe kwenye jicho la wavu,
gogogo,
madoa kama bati lililoshika kutu,
na miiba mitatu, mmoja mgongoni, miwili ubavuni,
imesimama kama makomeo ya lango.

Usimvute.
Nilimvuta nikiwa na miaka kumi na miwili;
kovu hili la dole gumba ndilo risiti yangu.
Lushinge, tajiri wa mtumbwi, hutumia rungu.
Nyanzala aliyenifunza kazi alisema:
mlaze kwenye kiganja kilicholowa,
tafuta kifundo cha mwiba,
kizungushe kidogo kuelekea nyuma,
atafunguka, huku analalamika.
Go. Go. Go.
Jina kajipa mwenyewe.

Bei hana. Ndoo nzima hainunui kilo ya sukari.
Lakini kule chini, kwenye tope,
ambako taa za wavua dagaa hazifiki,
yeye hupapasa kwa ndevu, akafagia:
funza wa matopeni, konokono na gamba lake.
Konokono!
Darasa la tatu nilikojoa damu
nyuma ya choo cha shule,
nikamficha mama wiki mbili.
Kichocho, wakasema zahanati,
kimepita kwa konokono wa ziwani.
Tangu hapo kila gamba linalovunjwa kule gizani
nalihesabu deni nililolipiwa.

Juzi Magesa aliokota sangara anayeelea,
mzito kama mbuzi, matamvua bado mekundu,
mdomo wazi.
Tukachungulia kooni:
gogogo, kafunga makomeo yote matatu.
Mla watu kafa na tonge.
Wenzangu wakacheka, wakapiga picha kwa simu.
Nikaingiza mkono hadi kiwiko,
nikatafuta kifundo, polepole,
kama anayefungua chumba cha mgonjwa.

Alikuwa bado anasema.
Sauti ndogo. Go.

Ningependa kuandika kwamba nilimrudisha ziwani.
Nyumbani tuko sita, na mchuzi wake ni mtamu.
Tulimla na ugali wa muhogo, kimya,
kila mtu akichunga koo lake.

Mwiba wa mgongoni niliuosha, nikaukausha juani.
Ndio ninaofungulia mafundo ya wavu.