Maliza Zamu

Daftari lilikuwa na twiga kwenye jalada,
na mimi ndiye niliyelishika.
Majina thelathini na moja, Barabara ya Tano hadi Makorora,
kila jina na kiasi chake, kama mchango wa harusi.
Singano fundi baiskeli, elfu ishirini.
Mwalimu Kihiyo, hamsini, kwa awamu.
Bi Mwanamvua wa vitumbua, elfu tatu,
yeye ambaye kompyuta kwake ni televisheni iliyokunjwa.
Aliuliza jambo moja tu:
"Na kisima chetu kitakuwemo?"
Nikamwambia kitakuwemo.

Hozza na wenzake walipanga chumba cha juu, Chumbageni:
feni moja, vijana wanne, nyaya kama utumbo wa kuku.
Walituonyesha Tanga imekatwa vipande vya pembe sita
mfano wa sega la nyuki,
kila kipande na mwenyewe, kila mwenyewe na zamu yake.
Unasogeza askari, unanyamaza.
Adui naye anafikiri, anasogeza wake.
"Ni mchezo wa wenye subira," alisema Hozza,
nasi subira tulikuwa nayo ya kuuza.

Miezi kumi na minne ikawa miaka mitatu.
Mara moja moja walituma picha:
lango la ngome,
kivuli cha mnazi bila mnazi,
mwanamke wa kanga ambaye uso wake ulikuwa bado.
Nikazunguka nazo mlango kwa mlango,
nikiutetea mchezo kama mtoto wangu aliyechelewa kutembea.

Ulifika Jumanne, na umeme ulikuwepo.
Kwa Singano tulibanana kumi na wawili kwenye benchi la watu watano.
Adui hafikiri.
Anakungoja umkaribie, kisha anakimbilia majini, anazama,
anasubiri zamu ijayo azame tena.
Mikoa minane imekuwa mitatu.
Kwenye orodha ya wachangiaji, Mwalimu ameandikwa Kiyoyo.
Na ukibonyeza Maliza Zamu
kisaa kidogo kinazunguka,
kinazunguka,
mpaka Mwalimu Kiyoyo akavaa viatu vyake, akaondoka
kamba moja ikiburuta.

Asubuhi, kwenye mlango wa karakana, mtu alikuwa amebandika:

*Tulichanga kwa mapenzi, hatukuomba risiti,*
*tukaona picha, wenzi, za ngome, mito na miti,*
*jemadari kama panzi, jeshi liko katikati,*
*zamu imegoma kwisha, na sisi tumegombana.*

Hati niliijua. Ilikuwa ya Singano mwenyewe.

Wiki nzima nilifanya mazoezi ya matusi.
Nikamkuta Hozza Barabara ya Nane, ananunua muhogo wa mia tano,
shati lile lile la siku ya ramani.
Hakunikimbia. Afadhali angenikimbia.
"Yule aliyekuwa akimfundisha adui kufikiri," alisema,
"alipata kazi Dar mwaka juzi.
Mimi ni mchoraji tu, kaka.
Najua kuchora."
Akaukata muhogo vipande viwili, kimoja akanipa,
nami, mhazini wa watu thelathini na moja wenye hasira,
nikala.

Jana nilibeba kompyuta hadi kwa Bi Mwanamvua.
Nikamsogezea ramani, polepole, mpaka pale.
Kisima kilikuwemo:
kigingi kilichoinama, kamba ya mkonge,
ndoo ya bluu yenye ufa.
Alitazama mpaka vitumbua vikaanza kuungua.
"Mbona hakuna watu?"
Watu walikuwa mkoa wa nne, nilitaka kusema,
na mkoa wa nne haukujengwa.
Nikasema, "Bado."
"Mwambie huyo kijana," akasema, akigeuza kimoja kimoja,
"ile ndoo ilipasuka upande wa pili."

Nikabonyeza Maliza Zamu, kwa mazoea tu.
Kisaa kikaanza kuzunguka.
Mkupuo wa kwanza ukaiva, wa pili ukaiva,
wateja wakaja wakaenda,
na mimi bado nimeipakata mashine
kama mtu aliyeachiwa mtoto na wageni
waliosema wanarudi sasa hivi.