Kamba ya Kisima

Kompyuta ya zahanati ya punda
iliwasili Jumatatu kwa boti ya Mokowe,
imefungwa kwa gunia na kanga kuukuu,
na leo Alhamisi haijui hata punda mmoja.

Nimeiweka kati ya chupa ya iodini na mkasi wa kwato,
nikaandika amri: sakinisha.
Ikasoma, ikasoma, ikanijibu kwa wino mwekundu:
daftari lataka tarehe-safi, toleo la pili;
tarehe-safi yataka hesabu-ndogo, toleo la tatu, lisizidi;
hesabu-ndogo imeshindwa kujengwa.

Shekuwe, anayeosha vidonda hapa tangu sijaota meno,
akachungulia begani mwangu:
"Yana si ilikuwa ikenda?"
Ile nyingine, Shekuwe. Ile iliyoliwa na chumvi.
"Basi hicho kidogo kitupe, weka vikubwa."
Nikamwonyesha dari: boriti za mikoko, nyeusi kwa umri,
juu yake chokaa, juu ya chokaa
chumba cha mtu na kitanda chake.
Itoe ile ya pembeni, nikamwambia, ile nyembamba.
Akatazama juu.
Akasogeza kiti.

Nimefuta, nimeweka upya,
nimeshusha toleo, nimepandisha toleo,
nimezima, nimewasha, nimepiga bismillahi,
nimenunua bando la hamsini mara nne.
Saa saba stima ikakatika Mkomani nzima,
betri ikabaki asilimia kumi na tisa.

Ndipo nikamfuata aliyekiandika.
Mistari mia mbili na kumi na mmoja, basi.
Jina Idrisa, au alijiita hivyo; mji hakuutaja.
Mara ya mwisho kukigusa: miaka tisa nyuma, saa tisa usiku,
na kando ameandika: nitarekebisha mwezi ujao, mtoto anaumwa.
Chini ya hapo maombi ya watu, mia na kitu:
kimeharibika. Haraka tafadhali. Kazi yangu imesimama.
Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto aliamkaje.

Kwetu Langoni kulikuwa na kisima cha wakfu.
Aliyekichimba alimwachia Mungu na kila mwenye kiu,
akafa. Mwanawe alikuwa akisuka kamba,
naye akaenda zake, hatukujua wapi.
Sisi tuliteka. Tulifua, tulioga, tuliwanywesha wanyama.
Siku kamba ilipokatika
tulisimama ukingoni, ndoo mikononi,
tukamlaani marehemu.

Mstari wa mia na hamsini na tatu. Nilipouona nilicheka peke yangu.
Idrisa aliita kitu kwa jina lake la zamani,
kama mgeni anayeulizia nyumba
kwa jina la yule aliyeiuza.
Nikabadilisha herufi sita.
Mashine ikanyamaza muda wa kumeza mate,
kisha ikakubali, betri asilimia nne.

Wa kwanza kuandikishwa: jike la Mwanaesha Lali,
kidonda cha shogi mgongoni, upande wa kushoto.
Umri? Mwenyewe hajui.
Shekuwe akamfunua mdomo, akahesabu:
"Andika tisa."

Usiku ule nikakirudisha kifurushi hadharani,
jina la Idrisa juu, langu chini yake:
Swabra, Lamu.
Sikuahidi kitu.

Hiyo ilikuwa Shaaban. Sasa ni Mfunguo Sita, mji umejaa wageni,
na asubuhi nimekuta ujumbe wa mtu nisiyemjua,
kutoka nchi ambayo lazima niitafute kwenye ramani.
Hana salamu. Bado unakitunza hiki? Kimekatika tena.

Nimeusoma nimesimama, mwiko mkononi,
uji ukishika chini ya sufuria.
Nitamjibu. Leo, au kesho, stima ikiwepo.
Kwanza nimemwandikia Idrisa, kwa anwani
ambayo huenda haina mtu,
mstari mmoja uliochelewa miaka tisa:
mtoto aliamkaje?