Daftari la Korona

Kabla hamjacheka: jina ni la mashine.
Korona, iliyomeza majani ya mkonge upande huu
ikatema singa nyeupe upande ule,
na maji yake ya kijani yakawasha hadi kwenye kope.
Mwaka hamsini na sita, kambini nyuma ya Pongwe,
watu kumi na mmoja wenye kipande
na wa kumi na mbili asiyekuwa nacho
walichanga senti hamsini hamsini, wakanunua mpira.
Magoli, miti ya mkonge. Nyavu, katani.
Kuutoa mpira wavuni kulikuwa adhabu,
mikono iliwasha hadi usiku wa manane.
Daftari ndilo linalosema. Mimi ni mwandiko wa tatu humo.

Mwandiko wa kwanza, wa Nangwale, umelalia kushoto
kama mtu anayekwepa upepo.
Ameandika: *Kipa, Singano Mhando. Vidole saba.*
Hakufafanua. Kambi nzima ilijua
vile vitatu vilikwenda wapi, na Jumanne ipi.
Singano aliporudi kazini aliomba jezi namba moja.
"Nimeshakutana na kitu chenye kasi kuliko mpira," alisema.
Mkewe, Mwanatumu, akamshonea glovu,
vidole vitatu akavifunga kwa uzi.

Hatukuwahi kupanda daraja. Niliseme mapema
ili msisome mkingoja kombe.
Mara moja tulikaribia, mwaka themanini na moja:
sare tu Korogwe ingetosha.
Ukurasa huo Nangwale hakuandika muhtasari, aliandika hivi:

*Treni 'melala Mnyusi, Korogwe wanasubiri,*
*Refa kaona vyepesi, kutuandika sifuri,*
*Mabao mawili basi, ya meza, si ya hodari,*
*Na sisi tukacheza tu, giza ndilo mpinzani.*

Walifika magharibi. Uwanja mtupu, mbuzi wawili.
Wakavaa jezi, wakajipanga, wakaanza katikati.
Chini ya shairi, kwa wino mwingine:
*Korona 1, Hakuna 0. Mfungaji, Kapufi.*
*Dakika: saa haikuonekana.*

Kisha bei ya mkonge ikaanguka,
mashine ikanyamaza, ikauzwa kwa kilo.
Klabu ikahamia Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
nyuma ya cherehani ya Hoza, ambaye ni mwandiko wa pili.
Hoza hakupenda maneno. Tarehe, bao, sahihi.
Isipokuwa ukurasa mmoja wa mwaka tisini na tatu:
*Hatukucheza. Hapakuwa na mpira.*
Na wa tisini na nne: *Kama juu.*

Nikachukua kalamu mimi, mwanamke,
kwa sababu nilikuwa na kalamu.

Elfu mbili na ishirini, barua kutoka chama cha soka wilayani:
badilisheni jina, mnatia watu hofu.
Kila tulipoingia uwanjani, upande wa pili
walirudi nyuma hatua mbili, wakiziba pua, wakicheka.
Vijana walitaka tujiite Simba wa kitu fulani,
au Manchesta. Tukaitisha kikao. Wajumbe kumi na tisa,
ndoo ya maji mlangoni, sabuni ya kipande.

Bi Mwanatumu alikuja na mkongojo, barakoa kidevuni.
Hakuomba nafasi.
"Korona yetu ilimla mume wangu vidole," alisema,
"na kilichobaki ndicho kilichodaka penalti nane.
Hiyo nyingine imekuja juzi. Ikae foleni."

Kumi na nne kwa watano. Nimeyahifadhi makaratasi ya kura.

Jumamosi tulifungwa tatu kwa moja na vijana wa Duga.
Tunadaiwa chokaa ya mistari. Pampu si yetu.
Glovu imo sandukuni, imekakamaa kama samaki mkavu,
na kipa wetu mpya, Mbelwa, ana miaka kumi na saba, vidole vyote.
Aliiomba jana aijaribu.
Alihangaika nayo kitambo, kisha akaniuliza:
"Dada katibu, hivi vitatu niviweke wapi?"
Nikamwambia avikunje.
Leo amekuja mazoezini navyo vimekunjwa bado,
anadaka hivyohivyo, na sijui
niandike nini.