La Muda Tu

Ramani ya kwanza ilichorwa kwa wino wa buluu:
mnara wa kengele, bustani ya duara,
na pembeni, kwa penseli: zizi, la muda tu.

Mnara haukujengwa. Vita viliwatwaa waashi.
Zizi likapakwa rangi nyekundu,
likaitwa maabara ya maziwa.

Ramani ya pili ilileta barabara pana,
ikaamuru zizi libomolewe.
Fedha zikaishia kwenye mabomba ya mvuke,
maana baridi ya Saskatchewan haisubiri kikao.
Ya tatu ilikuja na zege. Ikaamuru vilevile.

Mimi, Solveig Hrynchuk,
nazitunza zote saba chini ya maktaba.
Nazikunjua kwa glavu, zinanuka siki na vumbi.
Hakuna hata moja yenye kile kijia
kinachokata uwanja mshazari, toka bwenini hadi jikoni.
Hicho kilichorwa na njaa,
asubuhi za Januari, theluji magotini.

Jana alikuja mbunifu kijana, kalamu sikioni,
ya nane ikiwa bado nyeupe mkononi mwake.
Akauliza: na hili zizi?

Nikamjibu: la muda tu.